Mapatano ya Wafanyabiashara: Lini Yafaa, na Lini Huwa ni Kuufunga Mlango wa Soko

Tumeletewa masuala mawili kutoka Minjila, na kwa kuwa yote mawili yametoka katika shina moja tumeona bora tuyajibu pamoja katika darsa hii.

La kwanza ni la mwenye duka. Asema kuwa yule amleteaye bidhaa za jumla amemshurutisha mambo mawili: asiweke dukani bidhaa ya kampuni nyingine iliyo mfano wa yake, wala asiuze kwa bei iliyo chini ya ile aliyopangiwa. Akikhalifu, gari halitasimama tena mlangoni pake. La pili ni la mwenye shamba la miembe kando ya mto. Kabla ya msimu dalali alimkopesha shilingi na dawa ya kupigia miti, kwa sharti kuwa maembe yote atamuuzia yeye, na bei ataitaja yeye dalali siku ya kuchuma. Wauliza: je, haya yafaa? Na kama hayafai, ni sharia ya dini iliyoyakataza, au ni sheria ya serikali, au zote mbili?

Apitaye Minjila hatashangaa kuwa masuala haya yametoka huko. Ni mji mdogo karibu na Garsen, ulio njiani. Magari ya Malindi, ya Lamu na ya Hola hupita hapo. Hupita ng'ombe wa Waorma na Wawardei, na hupita maembe ya Wapokomo. Lakini mahali ambapo kila kitu hupita si lazima pawe na wanunuzi wengi. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, barabara hukatika, na mwenye mali hubaki na mnunuzi mmoja tu, naye ni yule mwenye gari. Embe halimngoji mtu. Likishaiva, kila siku ipitayo huipunguza bei yake, na dalali alijua hilo tangu miti ilipotoa maua.

Basi natufahamu kwanza jambo lenyewe. Kila bidhaa ina silsila yake, kama silsila ya nasaba: mkulima, dalali, mwenye lori, muuzaji wa jumla, mwenye duka, kisha mlaji. Mapatano ya kibiashara huwa ni ya namna mbili. Yako mapatano ya walio sawa, yaani watu wa daraja moja katika silsila hiyo, kama madalali kumi wakikubaliana kuwa hakuna atakayetoa zaidi ya kiasi fulani kwa tenga la maembe. Na yako mapatano ya ngazi, yaani baina ya aliye juu na aliye chini yake: mwenye kiwanda na muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla na mwenye duka, dalali na mkulima.

Mapatano ya walio sawa hayana mjadala mwingi, kwani ubaya wake uko wazi. Mwezi wa Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwatoza watengenezaji tisa wa chuma zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupatana juu ya bei. Kila aliyenunua nondo za kujengea alikuwa akilipia mapatano yale pasi na kujua. Ama mapatano ya ngazi ni tata zaidi, kwa sababu hakuna biashara bila ya hayo. Mwenye kiwanda hawezi kumfikia kila mlaji, wala mkulima hawezi kuwa na lori lake. Ndiyo maana hatuwezi kusema kuwa yote ni haramu, wala kuwa yote ni halali. Ni lazima tutazame sharti lililo ndani yake lafanya kazi gani.

Sheria ya Ushindani ya Kenya, Nambari 12 ya 2010, ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2011 na ikachukua mahali pa ile sheria ya zamani ya 1988. Kifungu chake cha 21 chakataza mapatano yoyote ambayo makusudio yake, au matokeo yake, ni kuuzuia, kuupotosha au kuupunguza ushindani. Na wengi hawajui kuwa kifungu hicho kimetaja waziwazi namna zote mbili, ya walio sawa na ya ngazi. Adhabu yake si ndogo: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Tena Mamlaka yaweza kuitoza kampuni mpaka sehemu kumi katika mia ya mapato yake ya mwaka uliotangulia.

Turudi kwa mwenye duka, tuanze na bei. Hapa sharia na sheria zimekutana mahali pamoja, ijapokuwa kila moja imekuja kwa njia yake. Sheria ya 2010 imekataza mwuzaji kumlazimisha anayemwuzia asishuke chini ya bei fulani. Imemruhusu kupendekeza bei, kwa sharti aseme waziwazi kuwa bei hiyo haimfungi mtu, na kama ameiandika juu ya bidhaa basi yaandikwe kando yake maneno ya kuonyesha kuwa ni bei ya kupendekezwa tu. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu akishauza kitu kimekwisha toka katika milki yake. Kumshurutisha mnunuzi asikiuze, au asikiuze ila kwa fulani, ni sharti linalopingana na maana yenyewe ya mauzo, na wanazuoni wetu wameliingiza katika masharti yanayoharibu mauzo. Amekwisha pokea thamani yake. Ana haki gani tena juu ya katoni iliyomo katika rafu ya mwenziwe?

Twakumbuka pia kuwa Mtume (s.a.w.) aliombwa na watu awapangie bei ilipopanda Madina, akakataa, kwa kuogopa asije akakutana na Mola wake hali mtu anamdai dhulma ya mali au ya damu. Jambo aliloliogopa Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye lori la soda na biskuti alifanya kwa barua moja.

Lakini pana tofauti ambayo yapasa kuijua, maana watu huichanganya. Ikiwa mali imewekwa dukani kwa wakala, yaani bado ni ya mwenyewe na mwenye duka anamuuzia kwa ujira, basi bei ni ya mwenye mali, na wakala hana ruhusa ya kushusha. Hiyo ni amana. Kwa hiyo kabla ya kulalamika mtu na ajiulize: mali hii nimeinunua, au nimewekewa? Ikiungua usiku wa leo, khasara ni ya nani? Akijua nani abebaye khasara, atajua nani mwenye haki ya kupanga bei. Wako wauzaji wa jumla watakao mambo yote mawili: khasara iwe ya mwenye duka, na bei iwe yao.

Ama sharti la kutouza bidhaa za mwingine, hilo lataka kupimwa. Mfano wake mashuhuri umo mikononi mwa kila mmoja wetu. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, na kibanda cha wakala wake utakikuta Minjila kama utakavyokikuta Nairobi. Kwa miaka mingi wakala wa Safaricom alikuwa amefungwa asiwe wakala wa mwingine. Mwaka 2012 Airtel ilipeleka malalamiko mbele ya Mamlaka ya Ushindani, na mwezi wa Julai 2014, baada ya Mamlaka kuingilia kati, sharti hilo likaondolewa. Hoja ni nyepesi kufahamika. Katika mji wenye vibanda vitatu, ikiwa vyote vitatu vimefungwa na kampuni moja, kampuni ya pili haishindwi kwa ubora wala kwa bei. Inashindwa kwa kuwa haina pa kusimama. Na raia naye hana pa kuchagua. Wakala ana wajibu wa kuhifadhi amana ya aliyemuwakilisha, lakini amana hiyo haiifanyi meza yake yote, na kuta zake, kuwa mali ya kampuni.

Hata hivyo hatuwezi kusema kuwa kila sharti la namna hii ni dhulma. Tuseme mtu amenunua gari kwa mkopo, naye huwapelekea bidhaa watu wa ng'ambo ya mto wakati ambapo hakuna mwingine athubutuye, akaiomba kampuni impe yeye peke yake sehemu ile kwa miaka miwili mpaka gharama yake irudi. Huyu amefungua mlango uliokuwa haupo. Sheria yenyewe imelijua hilo: mwenye mapatano yaliyo na manufaa kwa umma kuliko madhara yake anaweza kuiomba Mamlaka msamaha kwa muda maalumu. Lakini mapatano yasiyo na mwisho, katika mji ambao magari matano yaweza kufika, hayo hayana udhuru.

Sasa tufike kwa mkulima wa maembe, na huku ndiko tunakotaka kukaa zaidi, maana mwenye duka akikosa gari moja atatafuta jingine, lakini mkulima akikosa msimu amekosa mwaka.

Mwaka 2019 Kenya iliitengeneza upya sehemu ya sheria hii, ikaweka wazi kosa la kutumia vibaya nguvu ya mnunuzi. Zamani watu walidhani mwenye nguvu sokoni ni mwuzaji tu. Sheria sasa yasema kuwa mnunuzi mkubwa naye aweza kumwonea amuuziaye: kwa kumcheleweshea malipo bila ya sababu, kumvunjia mapatano kwa ghafla au kumtishia hivyo, kumrudishia mali, au kumtwika gharama na khatari zisizo zake. Mapema 2020 Mamlaka ilihukumu kuwa kampuni ya Majid Al Futtaim ya Imarati, iendeshayo maduka ya Carrefour nchini Kenya, imemfanyia hivyo Orchards, mtengenezaji wa maziwa ya mtindi. Miongoni mwa yaliyotajwa ni kumkata punguzo juu ya punguzo, na kumtaka alete wafanyakazi wake kufanya kazi ndani ya duka la mnunuzi. Aprili 2021 Baraza la Ushindani likaithibitisha hukumu hiyo. Kisha Desemba 2023 Mamlaka ikatoa hukumu nyingine juu ya kampuni hiyo hiyo, kwa malalamiko ya Woodlands, wauzaji wa asali, na ya Pwani Oil, kampuni ya huku kwetu pwani, na ikaitoza zaidi ya shilingi bilioni 1.1.

Msomaji aweza kusema: hayo ni mambo ya makampuni makubwa, na dalali wetu ana lori moja la kukodi. Ni kweli. Mamlaka hutazama nguvu ya mtu katika soko lake, na dalali mmoja kati ya ishirini hana nguvu hiyo. Lakini sheria imetaja pia kundi la wanunuzi, na dalali ambaye ni peke yake katika kijiji, au madalali watatu waliogawana vijiji, mmoja upande huu na mmoja upande ule, hao hawawezi kujificha nyuma ya udogo wao. Kugawana wateja na mahali ni katika yaliyokatazwa na kifungu cha 21 kwa jina lake.

Ama sharia haingojei dalali awe mkubwa. Tupige hesabu. Tuseme miti imezaa maembe 10,000, na mkopo ulikuwa shilingi 20,000. Siku ya kuchuma dalali ataja shilingi 5 kwa embe, na siku hiyo hiyo yuko mnunuzi mwingine aliye tayari kutoa 8. Mkulima hupata 50,000 badala ya 80,000, na katika hizo 50,000 hukatwa deni lake, akarudi nyumbani na 30,000. Deni amelilipa lote, na juu yake amepoteza 30,000 nyingine. Mkopo wa 20,000 wa miezi michache umemgharimu zaidi ya mkopo wenyewe. Benki ingalimtoza hivyo tungalipiga kelele misikitini. Lakini kwa kuwa halikutajwa neno riba, na dalali alikuja na salamu na sukari ya nyumbani, twaona ni wema.

Mtume (s.a.w.) amekataza mkopo na mauzo kuunganishwa pamoja, na hekima yake ni hii hii tuliyoihesabu: faida ambayo mkopeshaji haiwezi kuichukua kwa mlango wa mkopo huichukua kwa dirisha la bei. Na wanazuoni wamekubaliana kuwa mkopo ulioshurutishwa manufaa kwa mkopeshaji umeingia katika riba. Tena bei ya mkulima wetu haikujulikana siku ya mapatano. Iliachwa mikononi mwa upande mmoja. Hilo peke yake latosha kuyabatilisha mauzo.

Njia ya halali ipo, wala si ngumu. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa kabla kwa matunda ya mwaka na ya miaka miwili, naye hakuwakataza, aliwaamrisha tu kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Dalali anayetaka kumsaidia mkulima na alipe bei yote siku ya mapatano, na yaandikwe maembe ya namna gani, kilo ngapi, na siku gani, pasi na kuyafunga na miti ya shamba fulani. Au na akopeshe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, alipwe alichokopesha, na maembe yauzwe siku yake kwa atakayetoa zaidi. Huenda akawa yeye.

Na yale ya kumwahi mwenye mali njiani kabla hajaijua bei ya soko, hayo nayo si mapya. Misafara ya biashara ilikuwa ikija Madina, na wajanja wakitoka nje ya mji kuipokea. Mtume (s.a.w.) alikataza, na akampa mwuzaji khiari: akifika sokoni akaona amepunjwa, aweza kuyavunja mauzo. Mchungaji wa Kiorma akutwaye na ng'ombe wake njiani, akaambiwa kuwa Garsen bei imeanguka hali haikuanguka, hukumu yake ni hiyo. Leo simu imepunguza ujanja huu, lakini haikuumaliza. Penye simu pia huitwa ndugu wa dalali, akaulizwa bei.

Imamu Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra, sawa na 1328 Miladi, ameyasema haya katika kitabu chake cha al-Hisba kwa namna ambayo mtu angedhani alikaa Minjila. Ameeleza kuwa Abu Hanifa na wenzake waliwakataza wagawaji wa mali wachukuao ujira wasifanye shirika, ili wasije wakapandisha ujira wao juu ya watu wanaowahitaji. Kisha akasema kuwa wauzaji waliopatana juu ya bei wastahiki zaidi kukatazwa, na kadhalika wanunuzi waliopatana kuzivunja bei za bidhaa za watu. Na ametaja hali ya tatu, ya watu kulazimishwa wasiuze chakula ila kwa watu maalumu, nao ndio wauzao, na mwingine akitaka kuuza azuiwe. Hii akaihesabu kuwa ni dhulma ya pande mbili: juu ya mwenye mali na juu ya mlaji. Ni mapatano ya ngazi hayo, miaka mia saba kabla ya kifungu cha 21.

Pwani yetu imekwisha kuonja mlango mmoja. Mwaka 1937 serikali ya Unguja ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu haki ya peke yake ya kununua karafuu za kusafirishwa. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuwaokoa wakulima na madeni ya wafanyabiashara. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi walijiona wametolewa sokoni, na Bara Hindi, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikazisusia karafuu za Unguja mpaka yalipopatikana mapatano 1938. Aliyekaa na magunia ndani miezi hiyo ni mkulima yule yule aliyekusudiwa kuokolewa.

Wengi wa wasomaji wetu ni watu wa mjini, na katika watu wa mjini ndimo watokamo madalali na wenye maghala. Ni wepesi wa kulalamika juu ya makampuni ya Nairobi na ya ng'ambo, na wana haki. Lakini sharti ambalo kampuni humwekea mwenye duka, mwenye duka huyo huyo humwekea mama auzaye maandazi anayechukua unga kwake kwa deni. Hatusemi kuwa kila dalali ni mbaya. Yuko anayeingia matopeni kabla ya alfajiri, akabeba khatari ya mali kuozea njiani, na ujira wake ni halali yake. Twasema atake ujira wa kazi aliyoifanya, asitake ujira wa mlango alioufunga.

Imebaki swali la wale ambao msimu huu wamekwisha kufungwa. Mkulima na alihesabu deni lake peke yake, alilipe kama deni, wala asidhani kuwa lile sharti la kumuuzia mmoja lamfunga mbele ya Mwenyezi Mungu. Mbele ya watu ahitaji ushahidi: na aandike tarehe, kiasi alichopokea, bei aliyotajiwa, bei ya soko siku hiyo, na ahifadhi ujumbe wa simu. Akiona kuwa madalali wamepatana, au mwenye duka akiona kuwa amepangiwa bei, kila mtu ana haki ya kuipelekea malalamiko Mamlaka ya Ushindani, nayo Mamlaka yaweza kuchunguza hata bila ya kulalamikiwa. Wengine wametuuliza kama waende kwa Kadhi. Kwa Katiba ya 2010 Kadhi ana hukumu katika ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Deni la biashara si lake, hilo ni la mahakama za kawaida, nazo ziko Garsen.

Na wakulima wakitaka kuuza kwa pamoja, wasajili ushirika wao kwa njia iliyo wazi na waulize kwanza juu ya ule msamaha tulioutaja, kwani kupatana bei kwa siri ni mapatano ya walio sawa hata yakifanywa na wanyonge. Ama uuzaji wa miembe ikiwa bado maua, ambao nao umeenea sana kando ya Tana, una mlango wake katika fiq-hi, nasi tutausoma katika toleo lijalo inshallah.